Elfu Kumi na Mbili kwa Karatasi ya Switi

Sawa, wacha niseme mwenyewe kabla mtu hajanisemea. Mwezi wa nne nililipa shilingi elfu kumi na mbili na kitu kwa kipande cha karatasi kilichotoka kwa pakiti ya switi. Switi yenyewe ililiwa kitambo, kati ya 1909 na 1911, na mtoto fulani wa Marekani ambaye saa hii hata wajukuu wake ni wazee. Karatasi ni ndogo kuliko kitambulisho chako. Ina mkunjo katikati, pembe moja imeliwa, na hapo juu kabisa kuna kitobo cha pini.

Mnaonifuata mnajua kazi yangu: vidio za vitu vya zamani, redio za mbao, kaseti za benga, saa za ukutani zilizokufa. Mnajua pia niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo sijawahi kuficha. (Nilimficha mathe miezi minne, lakini nyinyi niliwaambia wiki hiyo hiyo. Jua langu hilo.) Kitu hamjui ni kwamba hizo elfu kumi na mbili hazikuwa zangu zote. Nitafika huko, msinikimbize.

Nianze na shosho. Alituacha Novemba, mwaka juzi. Baada ya mazishi wajomba wakaamua nyumba yake ya mbao huko Murang'a isafishwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu ilikuwa inavuja na mabati yalikuwa yanatakiwa kwingine. Tulikuwa mabinamu kumi na mmoja. Mimi nikapewa chumba cha nyuma. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kazi ya kurekodi Nairobi jioni hiyo, kwa hivyo nilibeba maboksi bila kufungua na kuyatupa kwa moto nyuma ya choo. Magazeti, magunia, mikebe, yote. Nilimaliza kabla ya saa sita na nikajiona mchapakazi.

Nikiwa ndani ya matatu, karibu Thika, binamu yangu akanitumia ujumbe: uliona ule mkebe wetu wa Kimbo?

Mkebe wa Kimbo ulikuwa na kadi zetu za wrestling. Kama ulikua mtaani miaka ile unajua ninachosema. Cena, Batista, Undertaker, unanunua kwa kiosk ukipewa shilingi kumi, halafu mnazipiga chini kwa kiganja, ikigeuka imekuwa yako. Mimi na binamu tulikuwa na kama mia mbili, zimechakaa mpaka sura za watu hazionekani vizuri. Tukiwa darasa la tatu, 2012, tuliziacha kwa shosho likizo ya Desemba na kumwambia kwa ukali, "Shosho, usiguse." Sisi tukasahau, yeye hakusahau. Hakugusa miaka kumi na moja. Kisha mimi nikaja na haraka zangu.

Wiki kadhaa baadaye, usiku, sina usingizi, simu ikanionyesha hadithi ya nyumba moja katika mji wa Defiance, jimbo la Ohio. Mwaka ni ule ule, 2012. Kuna familia ilikuwa inasafisha nyumba ya shangazi yao aliyefariki mwaka uliotangulia. Juu darini, chini ya nyumba ya wanasesere ya mbao, wakakuta boksi la karatasi limejaa masizi. Ndani kulikuwa na kadi ndogo za besiboli kama 700, zimefungwa kwa uzi. Babu yao alikuwa na bucha, na inaaminika alipewa hizo kadi karibu 1910 pamoja na switi ili azigawe kwa wateja. Alizogawa, aligawa. Zilizobaki zikapanda darini na zikakaa huko miaka mia moja.

Wataalamu walipoziona walidhani kuna mchezo. Kadi hizo ni za seti ambayo wakusanyaji huiita E98, wachezaji 30, hata jina la kampuni iliyozitoa halijaandikwa. Kabla ya hapo, kupata moja yenye hali nzuri ilikuwa shida. Hapa kulikuwa na kadi 16 za Ty Cobb peke yake, na kampuni ya kupima ubora ikazipa 9 kwa 10. Agosti mwaka huo kadi 37 kati ya zile nzuri zaidi ziliuzwa kwa mnada Baltimore, zikaleta zaidi ya dola 566,000. Moja tu, ya Honus Wagner, ilienda kwa dola 239,000. Na hapa ndipo niliposimamisha vidio nikarudisha nyuma: kadi ziligawanywa kati ya mabinamu 20. Ishirini! Wakagawana. Sisi kumi na mmoja hatukuweza hata kugawana mabati.

Sitaki mfikirie nilikuwa naota utajiri. Kadi zetu za wrestling hazingeuzwa hata kwa mia mbili. Kilichonishika ni lile boksi. Kuna boksi moja lilifunguliwa, kuna lingine nililibeba mimi.

Nikaanza kusoma. Unajua vile mtu aliyeacha chuo husoma, kama anadaiwa. Nikagundua ile herufi E ina mwenyewe. Kulikuwa na jamaa anaitwa Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme mji wa Syracuse, New York, mtu wa maisha ya kawaida kabisa, mwenye ugonjwa wa viungo uliomkunja vidole. Yeye ndiye aliyekaa chini akapanga kadi zote za Marekani kwa katalogi moja. T ni za sigara za karne ya ishirini. E ni za watengenezaji wa mwanzo wa switi na chingamu. R ni zilizokuja baadaye, miaka ya thelathini. Mpaka leo kila mtu anatumia herufi zake. Mkusanyo wake, zaidi ya vipande 300,000, alikipa jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, na miaka yake ya mwisho alikuwa anakaa humo akizibandika kwa albamu, mikono ikiuma. Alimaliza Januari 1963. Machi akafariki.

Na watengenezaji wa switi wenyewe? Hao walikuwa wajanja kama sisi watu wa kontenti, labda kutuzidi. Chukua American Caramel Company ya Pennsylvania. Mnamjua Hershey, yule wa chokoleti? Kabla ya chokoleti alikuwa anapika karameli, na 1900 aliiuzia American Caramel biashara yake ya karameli kwa dola milioni moja akaenda kufanya chokoleti. (Hershey aliacha shule baada ya darasa la nne. Nimemtajia mathe mara mbili. Haisaidii.) American Caramel sasa wakawa na karameli nyingi na washindani wengi, kwa sababu Philadelphia na vitongoji vyake vilijaa viwanda vya switi. Karameli ni karameli tu, utamtofautishaje mtu? Wakaweka picha za wachezaji. Mtoto hanunui tena switi, ananunua bahati ya kumpata Cobb.

Kuna seti yao moja, E91, ilinichekesha usiku wa manane peke yangu. Walichora picha kadhaa za mchezaji akipiga, akirusha, akidaka. Kisha wakazitumia tena na tena, wanabadilisha tu jina hapo chini. Mchoro ni ule ule, leo ni fulani wa Chicago, kesho ni fulani wa Pittsburgh. Watoto hawakuwa na televisheni, nani angejua? Mimi nikirudia vidio moja na kichwa kipya mnanirukia.

Kampuni nyingine, U.S. Caramel ya Boston, ilikuja na mbaya zaidi 1932. Kusanya kadi zote 32, tuletee, tukupe mpira wa besiboli au dola moja. Dola moja wakati ule wa njaa ya Marekani haikuwa mchezo. Sasa kadi nambari 16, ya Freddie Lindstrom, ikawa haionekani. Waliichapisha kidogo mno makusudi ili zawadi zisitoke. Leo zinazojulikana unahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikikumbuka zile promosheni za vifuniko vya soda, kila mtu mtaani ana vifuniko vyote isipokuwa kimoja, ati hicho kimoja kiko Kisumu, nawaonea huruma wale watoto wa Boston.

Ngoja niwaambie kitu kilichonifanya nitoe pesa.

Bei ya hizi kadi inaenda na usafi. Pembe kali, rangi haijafifia, hakuna mkunjo. Inapimwa 1 hadi 10, inafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, basi. Sasa fikiria, kadi ilikuja ndani ya switi. Zile za Cracker Jack za 1914 zilikuwa zinatupwa moja kwa moja ndani ya boksi la bisi zenye karameli, kwa hivyo nyingi zina madoa ya sukari. Za 1915 zinapatikana zikiwa safi zaidi, kwa nini? Kwa sababu mwaka huo ungeweza kutuma kuponi ukatumiwa seti nzima kwa posta, bila kupitia kwa bisi. Zile za Ohio zilikuwa safi kwa sababu hazikumfikia mtoto yeyote. Kwa hivyo kadi ya 10 ni kadi ambayo hakuna aliyeiweka mfukoni, hakuna aliyeigombania, hakuna aliyelia ikipotea. Ndiyo inalipwa maelfu. Na ile ambayo mtoto alilala nayo chini ya mto mpaka ikakunjika, hiyo inapewa 1, na 1 maana yake ni duni.

Mimi nilitaka ya 1. Nilitaka kadi iliyochezewa. Nikatafuta wiki mbili kwenye mtandao wa mnada mpaka nikapata hii yangu, E90-1 ya American Caramel, Eddie Grant wa Philadelphia. Kile kitobo cha pini ndicho kilinimaliza. Kuna mtoto aliibandika ukutani. Kuna mama wa huyo mtoto alimgombeza kwa kutoboa ukuta, nakuapia.

Eddie Grant si staa. Kwa seti hiyo hiyo kuna Cobb, kuna Cy Young, kuna Wagner, kuna Joe Jackson, hao sahau, hata wakiwa wamechanika ni bei ya gari. Grant alikuwa analinda besi ya tatu, mchezaji wa kawaida. Lakini alikuwa amesoma Harvard, akarudi tena Harvard akasomea sheria huku anacheza, na msimu ukiisha anafanya kazi ya uwakili. Inasimuliwa kwamba mpira ukipaa juu, pale ambapo wachezaji wote hupiga kelele kwa Kiingereza cha mtaani kwamba ni wangu, yeye alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza sanifu, kitenzi mahali pake. Fikiria mtu uwanjani City Stadium anaitisha pasi kwa Kiswahili cha insha. Huyo ndiye Grant.

Vita vya Kwanza vilipoingia Marekani alijitolea jeshini, akiwa ameshastaafu mpira. Tarehe 5 Oktoba 1918, akiwa kapteni, aliuawa msitu wa Argonne, Ufaransa, akiongoza wanajeshi kwenda kuwaokoa wenzao waliozingirwa. Walimwekea kibao cha kumbukumbu uwanjani Polo Grounds, New York, 1921. Timu ilipohama 1957, mashabiki wakavamia uwanja siku ya mechi ya mwisho na kibao kikatoweka. Kibao cha shaba kikapotea, karatasi ya switi ikabaki.

Hapa kuna jambo lazima niliseme, na sitalizunguka. Kwenye seti hizi za karameli hutapata uso wa mtu mweusi. Rube Foster alikuwa anacheza miaka hiyo hiyo, John Henry Lloyd vile vile, na wanaojua mpira wanakuambia walikuwa moto. Lakini ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango, na haikuufungua mpaka Jackie Robinson 1947. Mtoto mweusi wa Philadelphia 1910 akinunua karameli alikuwa anapata wazungu tu. Na vita vilivyomuua Grant ndivyo vilivyowabeba wazee wetu kwa nguvu kupeleka mizigo Tanganyika. Mimi hupita Kariokor karibu kila siku, na jina hilo linatokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Namiliki picha ya kapteni mmoja wa Harvard kutoka kwa pakiti ya switi. Ya mpagazi hata mmoja sina. Sijui nifanye nini na hilo, ila kila nikiishika hii kadi linakuja.

Sasa, pesa.

Mwezi wa tatu nilifanya tangazo la duka fulani, elfu ishirini. Nilikuwa nimemwahidi mathe kumi na tano ya karo ya mdogo wangu, muhula wa pili. Wakalipa kwa wakati, sina neno nao. Mimi nikampigia mathe nikamwambia wamenipa kidogo kwanza, nikamtumia elfu tatu. Usiku huo huo nikanunua Eddie Grant. Dola 95, pamoja na posta ya kule na makato. Nilijiambia pesa nyingine inakuja wiki ijayo. Haikuja. Mwezi wa tano mdogo wangu akarudishwa nyumbani.

Kadi nilikuwa nimeitumisha kwa anti yetu wa Delaware, naye alikuwa anakuja likizo. Akafika Jumamosi, tukakaa sote kwa mathe, chai, maandazi, sanduku likafunguliwa. Kila mtu anapewa yake. Akatoa soksi, ndani ya soksi kuna kasha la plastiki, akasema kwa sauti ile ya watu wa ndege, "Na hii ni ya mwanao! Dola tisini na tano, nimeibeba kama yai."

Mathe anauza mtumba. Hesabu ya dola anaijua kuliko benki. Sikuona hata mdomo ukisogea, lakini nilijua imefika jumla. Mdogo wangu alikuwa ameketi hapo kwa kiti cha mlango, siku ya nne nyumbani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Anti alipoenda kuoga akanyoosha mkono, nikampa.

"Ni nini hii?"

Nikamweleza. Switi, karameli, besiboli, miaka mia moja na kitu. Nikamweleza mpaka kitobo cha pini. Nikataja na mkebe wa Kimbo, kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu wa nyumbani. Akaniangalia hapo kidogo.

"Ule mkebe wa shosho uliuchoma wewe?"

"Ndio, Mama."

"Alikuwa anaupanguza vumbi kila Jumamosi. Ukimwambia autupe anakwambia wenyewe watakuja."

Sikuwa na la kusema. Mdogo wangu akachukua kasha, akaliinua kwa balbu, akafunga jicho moja, akachungulia kupitia kile kitobo.

"Na huyu," mathe akauliza, "alisoma?"

"Alisoma. Harvard. Alikuwa wakili."

"Akamaliza?"

"Akamaliza."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaenda chumbani, akarudi na daftari lake la wateja wa mtumba, lile la madeni. Akaandika jina langu, majina yangu yote matatu, tarehe, na 12,000. Juu yangu kuna mama mmoja anayedaiwa mapazia. Jumatatu niliuza taa yangu ya kurekodia kwa elfu tisa, ndiyo maana vidio zangu za siku hizi zina giza, na mdogo wangu akarudi shule Jumanne. Elfu tatu bado iko kwa daftari. Yule wa mapazia ameshalipa.